Ukianguka, Nani Atakubeba?

Faida, mutoto wangu,

Umeenda kuagana na Mama Sifa, na ninakujua, ukishaingia mu ile nyumba hautoki bila kula mara mbili. Kwa hiyo niko na wakati. Nimeketi ku meza ya papa yako, ile yenye muguu mufupi, nimeweka jiwe chini yake ili isinitingishie maneno. Ng'ombe iko inanitazama ku mulango, inafikiri nimesahau kuikamua. Ingoje.

Sitakuandikia mambo ya sabuni. Sitakuambia uchemshe maji, kwani kati yetu sisi wawili munganga wa lopitali ni wewe. Chandarua nimeiweka juu kabisa mu valizi, basi, imeisha. Nataka kujibu swali yako ya asubuhi. Tulikuwa tunachambua maharagi, wewe ukaweka kitunga chini, ukasema, "Mama, mi siendi tena ku ile kazi ya Kibua. Ukianguka hapa, nani atakubeba?" Na mimi nikakujibu vibaya. Nilisema, "Enda huko na maswali yako!" nikatoka nje kujifanya natafuta kuku. Haikuwa hasira juu yako. Ile swali mimi mwenyewe nililala nayo tangu papa yako alituacha, na kusikia inatoka mu kinywa chako iliniuma.

Sasa nitakujibu muzuri. Itakuwa barua ndefu, utaisoma ku njia ukipumzika Masisi. Usiisome juu ya moto, pikipiki ikitembea, utaanguka, halafu njo tutauliza nani atakubeba wewe.

Unakumbuka papa yako na bega yake. Huku juu kwetu gari haifiki, na mvua ikinyesha hata moto inateleza mu matope. Muntu akigonjwa, wanaume wanakuja na kipoyi, wanamulaza mu kile kitanda cha mianzi, wanamufunika kikwembe, wanashuka naye mpaka ku barabara ya Mweso. Wengine wanabeba, wengine wanafuata kando, wakichoka wanabadilishana. Kila nyumba inatoa bega moja. Nyumba yetu ilikuwa inatoa kasiksi, pombe ya ndizi. Papa yako alisema mwalimu hawezi kusimama mbele ya watoto na shati yenye matope, na kipoyi haichagui siku ya masomo. Basi kila mara ikitoka, alituma mutungi. Wanaume walikunywa, wakamucheka: "Bega ya Mwalimu iko mu mutungi!" Naye alicheka nao. Alikuwa muntu wa kucheka, hata kichekesho ikiwa juu yake.

Lakini mwenye kiburi hakuwa yeye. Alikuwa mimi. Sisi tulikuwa na karte, Faida. Mutuelle ya walimu wa shule yao, sanduku ya kusaidiana mu ugonjwa, kila mwezi walikata kidogo ku mushahara, na akigonjwa yeye, ao mimi, ao wewe, tunaonyesha ile karte ku lopitali ya Mweso, tunatibiwa. Wewe mwenyewe nilikuzaa kwa ile karte. Vidonge vyangu vya tansio, damu ya kupanda, vyote vilitoka mule. Nilikuwa naiweka mu Biblia, na Jumapili nikifungua Biblia ilikuwa inaonekana kidogo, na sikuona shida ionekane. Wakati watu wa kipoyi walianza mutuelle yao ya kilima, kila nyumba ikileta maharagi kisha mavuno ao ikiacha maziwa kwa muntu wa fromage, mwenye kuigandisha jibini, Mama Sifa alikuja hapa kunialika. Alipanda na jua yote ile. Nilimuambia, "Mama Sifa, sisi tuko na yetu." Nilisema na ile sauti. Unaijua, wewe unaniigaga nyuma ya mulango ukifikiri sisikii.

Siku papa yako alishikwa na kifua, mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Karte ilikuwa mu mufuko wa koti yake, kavu kabisa. Karte haina miguu. Waliokuja kumubeba ni wale wale wa kasiksi. Papa Shukuru, mukubwa wao, alitangulia akipima matope na fimbo. Njia yote hakuna hata mumoja aliyetaja mutungi. Walimushusha akiwa anapumua, na kisha siku chache walimupandisha akiwa ameaga. Kumupandisha njo kunachosha, unajua ule mupando wa kona. Niliwaona wanaume wakubwa wanalia, na sikujua kama ni uchungu ao ni uzito. Mimi nilitembea nyuma nikishika pembe ya kikwembe, nikafikiri: sijawahi kuwapa hawa watu hata kikombe ya maji.

Matanga unaikumbuka, ulikuwa hapa. Lakini hukuona yaliyofuata, sababu ulirudi Masisi ku masomo, na mimi njo nilikusukuma urudi.

Wanawake walileta chakula. Bugali, sombe, maharagi, viazi na maziwa, kila mumoja mu sahani yake ao sufuria yake. Watu wakaisha, vyombo vikabaki. Na wewe unajua kwetu chombo ya muntu hairudi tupu. Unaosha, unaweka kitu ndani, hata mayai mbili, hata maharagi ya kushika mu mukono. Mimi sikuwa na kitu. Ng'ombe ilikuwa na mimba, haikuwa inatoa maziwa. Shamba nilikuwa sijalima, sababu ya kukaa mu kilio. Nikasema, bon, nitangoja nivune kidogo, kisha nirudishe zote pamoja, na heshima. Nikavisukuma chini ya kitanda.

Kumbe ile njo shimo nilijichimbia. Muntu akikaa na sahani ya jirani, anaona haya kukutana na jirani. Nikaanza kupita njia ya nyuma kwenda kisimani. Kanisani nilikaa ku benchi ya mwisho, nikatoka kabla ya baraka. Mama Sifa akiniita kutoka kwake, najifanya sisikii. Wao wakafikiri nimewakasirikia. Wengine wakasema, muacheni, bibi ya mwalimu anataka amani. Mimi hapa ndani nikasema, unaona, bwana amekufa na watu wamenisahau! Wacha nikuambie, Faida, nililia sana juu ya watu kunisahau, na sahani zao zilikuwa chini ya kitanda nilicholalia.

Vidonge vikaisha. Nikavaa ile kikwembe yangu ya buluu, nikashuka Mweso na karte yangu mu Biblia. Binti wa ku mapokezi aliiangalia, akaenda kuuliza, akarudi pole pole. Akasema, "Mama, pole. Hii karte haitembei tena. Mwenye karte amekufa."

Nikamuambia, "Mimi je? Mimi niko hapa, ninasimama."

"Ndiyo, Mama. Lakini wewe ulikuwa chini yake."

Alisema na heshima, maskini. Ile ni sheria ya mutuelle, si yeye aliitunga, na papa yako mwenyewe pengine aliijua, lakini nani anazungumza ile mambo na bibi yake wakati wanakula? Sisi hatukuizungumza hata siku moja. Nilipanda kilima na ile neno, chini yake, chini yake. Miaka yote nilifikiri niko na karte. Nilikuwa nakaa mu kivuli ya karte ya muntu, na yeye ameondoka na kivuli yake.

Wewe ulipiga telefone ile jioni, ukauliza, "Mama, umepata dawa?" Nikakuambia ndiyo. Ulikuwa na mitihani. Nikanunua vidonge kidogo ku soko, nikaanza kuvigawanya. Siku nikijisikia muzuri, sinywi. Siku kichwa ikipiga, nakunywa nusu. Naona sura yako sasa hivi ukisoma hapa. Nyamaza, ulishanikaripia ya kutosha.

Basi nikaanguka. Haikuwa na maana yoyote, nilikuwa napalilia maharagi nyuma ya nyumba, jua ikageuka, nikasikia muguu wa kuume haiko yangu. Nikalala pale. Nilikuwa nasikia kuku, nasikia ng'ombe, lakini sauti ilikataa kutoka. Nilifikiri juu yako. Sikufikiri juu ya Mungu, anisamehe, nilifikiri juu yako na ule uongo wa telefone.

Aliyenikuta ni Mama Sifa. Unajua alikuja kufanya nini? Alikuwa na wageni, na sahani yake kubwa ya buluu ilikuwa kwangu. Alikuwa amevumilia, amevumilia, ile siku akachoka. Alikuja na hasira yake yote, alikuwa ameshatayarisha maneno ku njia, aliniambia kisha. Akaita ku mulango, akazunguka nyuma. Mpaka leo anawaambia watu, "Mimi nilienda kutafuta sahani yangu, nikakuta mwizi wake amelala mu maharagi!" Na watu wanacheka, na mimi nacheka. Lakini ile siku alipiga kelele mpaka kilima kizima kilisikia.

Kulala mu kipoyi ni kitu ya ajabu, mutoto wangu. Unaona mawingu tu na migomba, na kando ya sikio unasikia watu wanapumua. Nilikuwa nimesikia haya sana, nikataka kuwaambia samahani, ulimi ukawa muzito. Ku kona ya pili Papa Shukuru akasema, "Eh! Mama Faida, kumbe Mwalimu alikuwa anakulisha vizuri!" Wote wakacheka, kipoyi ikatingishika. Nikacheka na mimi, na nusu ya kinywa yangu. Hapo Papa Shukuru akasema, "Anacheka. Ataishi. Badilisheni mabega."

Na hii kipoyi, kumbuka, si ile ya zamani. Ile ya zamani tuliiacha wakati wa kukimbia vita, na tuliporudi tulikuta wamewasha nayo moto. Wanaume walisuka hii ingine kabla ya kufunika mapaa ya nyumba zao. Mimi niliona na macho yangu, watu wananyeshewa, wanasuka kipoyi, nikasema mu roho, hawa nao wanaanzia mwisho. Sasa nililala juu ya ile kazi yao.

Wewe uliacha masomo ukakuja mbio, ukanikuta Mweso, na hapo njo uliponikaripia mbele ya wagonjwa wote. Watu wa kilima walikuwa wameshaahidi lopitali kwamba watasimama kwa ajili ya deni yangu. Bila karte yoyote. Nilirudi nyumbani na muguu wa kuburuta na fimbo, na kitu ya kwanza nilikuomba unishike mukono tuvute zile sahani chini ya kitanda. Tuliziosha wote wawili. Ulisema, "Mama, tuweke nini ndani?" Nikasema, "Hakuna." Tukazirudisha tupu. Unakumbuka Mama Sifa? Alishika sahani yake, akaangalia ndani, akaniangalia mimi, akasema, "Aksanti, imerudi," kisha akaingia ndani akatujazia viazi. Nyumba zote ilikuwa hivyo. Hakuna hata moja ambapo mbingu ilianguka.

Kisha kukawa ile mukutano ya watu wa kipoyi nyuma ya kanisa. Nataka ukumbuke muzuri, sababu wewe unaihadithia watu vibaya, unasema Papa Bauma alikuwa mubaya. Hapana. Papa Bauma alisimama katikati ya wabebaji akasema, "Tunamupenda Mama Faida. Lakini bega iko wapi? Mwalimu alileta mutungi, tukanyamaza. Tukikubali tena, kesho kila nyumba italeta mutungi, na kipoyi itabebwa na mitungi." Alisema ukweli. Mimi mwenyewe ningesema vile. Nilikuwa nimeketi pale na umri wangu, na fimbo yangu, bila bwana, bila kijana, naomba kuingia fasi ambayo nilikuwa nimeikataa na sauti kubwa.

Halafu wewe ukaruka juu. "Mimi nitabeba!" Wanaume wakaangua kicheko, Papa Bauma akafuta macho. Nilitaka ardhi inifunike, na papo hapo nilitaka kuwaambia wote, munaona, huyu njo wangu!

Mama Sifa hakucheka. Akauliza, "Nyumba yake iko wapi?" Wakasema, ku kona. "Na watu wa juu wakishuka na mugonjwa, munapumzika wapi?" Ku kona. "Mu nini?" Mu mvua, ku nyasi. "Na ile ng'ombe yake imeshazaa, ao haijazaa?" Papa Shukuru akakuna kichwa, akasema, "Bon. Mama Faida, sikia. Kipoyi ikifika ku kona, asubuhi ao jioni, mulango ikuwe wazi, moto iwake, maziwa ikuwe. Mugonjwa apumzike mu kavu, wanaume wapate nguvu ya kumaliza mushuko. Ile njo bega yako. Siku tutakuta mulango imefungwa, fasi yako imeisha." Kisha akaongeza kwamba kubebwa, nitabebwa tangu ile siku, lakini kutibiwa na mutuelle yao, ningoje mpaka maharagi ivunwe tena, sawa na kila muntu mupya. Nikasema ndiyo. Nilisema haraka sana, mpaka watu wakacheka tena.

Ile musimu ya kungoja ilikuwa ndefu kuliko miaka yote niliyoolewa. Maziwa ya asubuhi nilimupelekea muntu wa fromage, nikapata vidonge, na nilivikunywa vyote, nzima, muzuri ao vibaya, unishukuru. Maziwa ya jioni niliiacha igande ikuwe mashanza, ya wabebaji. Kulikuwa na siku mwili ulikataa. Siku ingine nilisikia sauti zao huko juu na mvua inapiga, muguu iko na baridi, nikasema, leo wapite tu, Mungu anajua. Nikafikiri juu ya matope ya ile siku ya papa yako. Nikaamka. Walikuwa na mutoto wa Papa Bauma mwenyewe, malaria imemupanda mu kichwa. Papa Bauma aliketi hapa, ku hii kiti, akashika kikombe na mikono miwili akashindwa kukunywa. Nilimushikia kikombe. Ule mutoto alipona, njo yule anayeiba mapera yetu.

Na sasa nikuambie kitu ambacho sikutegemea. Mimi nilifikiri nalipia ugonjwa wangu. Kumbe nilipata watu. Kila muntu wa juu sasa anaijua hii mulango. Wakishuka kwenda soko wanaita, "Mama Faida, umeamka?" Nikichelewa kujibu wanaingia. Siku mbili sikutoka sababu ya mafua, Papa Shukuru alituma muntu kuuliza kama kipoyi ije. Kwa mafua! Nilikasirika, nikafurahi, nikakasirika tena.

Juzi karte ilifika. Umeiona, lakini hukuona kilichonitoa machozi, ulifikiri ni moshi. Ku ile ya zamani, juu ilikuwa jina ya papa yako, na mimi niliandikwa chini, na herufi ndogo. Hii iko na mustari mumoja juu: mwenye karte, Mapendo. Jina langu. Yule kijana mwandishi aliponiona nalia akashituka, akafikiri amekosea, akataka kuichukua airekebishe. Nilimupiga ku mukono.

Kwa hiyo, Faida, unauliza nani atakubeba. Papa Shukuru na vijana wake watanibeba. Papa Bauma atanibeba, na atalalamika njia yote. Mama Sifa atatembea kando akinitukana. Wewe hautakuwa hapo, ni kweli, na nitakutafuta na macho, sitakudanganya tena ku telefone. Lakini hutabaki hapa kunilinda. Mutoto mumoja hawezi kubeba kipoyi, inahitaji pande zote.

Najua umesema kule Kibua kazi itakupa karte, na utaniandika chini yako. Niandike, sikatai, sina kiburi tena ya kukataa. Lakini hii yangu siiachi. Ukigombana na wakubwa wako, ao ukihama, ao ukiolewa, sitaki siku moja binti wa ku mapokezi aniambie tena nilikuwa chini ya muntu. Na wewe vilevile. Najua kuna yule kijana wa Walikale, usishituke, Mama Sifa ananiambia yote. Kama ni muntu muzuri, mupende. Muulize mambo ya karte mukiwa munakula, mukicheka, wakati hakuna mugonjwa. Na uwe na fasi moja mahali fulani yenye jina yako juu.

Ukifika Kibua utakuwa mugeni, watakuita "munganga", utavaa ile nguo nyeupe, na ninakujua, uko na damu yangu, ile sauti iko ndani yako. Kabla hujapanga kitanda chako, uliza kipoyi ya kile kijiji inalala kwa nani. Uende umusalimie. Uulize unaweza kuleta nini. Uingie ukiwa na nguvu, usingoje kama mimi mpaka mu maharagi. Na wakikuletea chakula, urudishe sahani mapema. Ukiwa na kitu, weka. Ukiwa hauna, rudisha hivyo hivyo, uingie, ukae, uzungumze nao.

Hapa nilikuwa nimesimama kukamua, Papa Shukuru akapita. Anasema Esperansi, muke wa Bahati kule juu kabisa, uchungu umeanza, ni mimba ya kwanza na mukunga anaona mutoto amekaa vibaya. Njia ni ya kuteleza, hawawezi kushuka mu giza. Wataondoka jua ikitokeza tu. Aliuliza, "Faida anaondoka na moto saa ngapi?" Nilijua anachotaka.

Basi kesho hautashuka na mimi. Nilikuwa nimepanga tushuke wawili pole pole, nikushike mukono mpaka ku barabara, nilie kidogo mbele ya yule wa moto ili akuendeshe vizuri. Haiko hivyo tena. Kipoyi itafika hapa, nitawasha moto, nitawapa maziwa, nawe utatoka na wao. Valizi yako, Bahati ataweka ku kichwa, nimeshamutumia neno na Papa Shukuru. Wewe utatembea kando ya Esperansi, umushike mukono, umuhesabie pumzi, ufanye yote uliyosoma. Wakikuangalia uso, usiogope. Mi nitabaki hapa ku mulango, sababu ile njo fasi yangu, na mugonjwa mwingine anaweza kushuka nyuma yenu. Ulisema mbele ya wanaume utabeba, wakacheka. Kesho utabeba. Usigeuke kuniangalia ku kona, ukigeuka utajikwaa, na mimi nitakuwa na uso mubaya.

Nasikia sauti yako ku njia, unacheka na Mama Sifa, anakusindikiza na wewe unamusindikiza, mutafika kesho. Nafunga haraka.

Kuna bidon ndogo ya manjano ku mulango, ile ya kifuniko chekundu. Nimeijaza mashanza ya njia yako, ukunywe Masisi na ukunywe tena kabla ya kufika Kibua, usimuachie yule wa moto yote. Ile bidon ni ya hapa nyumbani. Usiitume na muntu. Uirudishe wewe mwenyewe, Krismasi ao mavuno, siku watakupa ruhusa. Na kama mushahara imechelewa, kama kazi imekushinda, kama hauna hata yai ya kuweka ndani, Faida, irudishe tupu.

Mama yako,
Mapendo